Chumba cha laki tano, TV ya chenga

Naanza na sifa, nisije nikaambiwa Ulaya imenipanda kichwani. Ukiingia chumba cha hoteli ya ufukweni kwetu, iwe Nungwi, Kendwa au Paje kule Zanzibar, au ng'ambo ya mpaka kule Diani, Kenya, TV utakayoikuta ukutani mara nyingi ni kubwa kuliko ya hoteli ya hadhi hiyo hiyo hapa Ujerumani ninakoishi. Inchi 50, inchi 55, bapa, inang'aa. Huku kwenye hoteli za Bahari ya Baltiki, Warnemünde au kisiwani Rügen, unaweza kulipa euro 150 kwa usiku ukakuta kiTV cha inchi 32 kimetundikwa pembeni juu ya kabati, na ukitaka kukitazama ukiwa kitandani lazima upinde shingo. Kwa ukubwa wa kioo tumewashinda Wajerumani, tena kwa mbali.

Tatizo linaanza ukishaiwasha. Rimoti imevishwa nailoni na kufungwa kwa selotepu, na kitufe cha sauti hakikubali mpaka ukibonyeze kwa ukucha. Picha ikija, mtangazaji wa habari amevutwa kushoto na kulia hadi mabega yanakaribia kutoka nje ya kioo, maana chaneli hiyo inatoka kwa umbo la zile TV za chogo na hakuna aliyejisumbua kurekebisha. Chaneli ya tatu chenga. Ya nne bluu tupu. Ya tano Waitaliano wanapika. Kuanzia ya sita unakutana na habari za dunia: Al Jazeera, France 24, DW, wanaume wenye tai wakizungumzia bei ya mafuta. Usidhani mwenye hoteli anapenda sana siasa za kimataifa. Nyingi ya chaneli hizo zinarushwa kwenye setilaiti bila kufungwa, ukiwa na dishi unazipata bila kulipa hata shilingi kila mwezi. Mgeni analipa laki tano kwa usiku, anapewa za bure.

Kwenye hoteli moja kaskazini mwa Unguja, ambayo siitaji, nilimwuliza fundi kulikoni. Kijana mstaarabu, akanipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Kwenye rafu ya mbao kulikuwa na ving'amuzi vimepangana, kila kimoja kimebandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu ya wino: MPIRA, KATUNI, FILAMU, HABARI 1, HABARI 2. Feni ya mezani inavipulizia visichemke. Hoteli nyingi za kati zinakwenda hivyo. King'amuzi kimoja kinatoa chaneli moja tu kwa wakati mmoja, kinaingia kwenye kifaa kinachoipa masafa yake, kisha zote zinachanganywa kwenye waya mmoja unaozunguka vyumba vyote. Ving'amuzi vinane, chaneli nane. Akitokea mtu mapokezi akashika rimoti ya kile cha MPIRA akatafuta gofu, hoteli nzima inahamia gofu. Ndiyo maana wakati mwingine filamu yako inageuka kipindi cha mapishi bila wewe kugusa kitu, ukaanza kumtuhumu mume wako kwamba ameikalia rimoti.

Kilichoniuma zaidi ni zile nyaya. Ving'amuzi vyenyewe ni vya HD, yaani picha kali, vinalipiwa kama HD, lakini vimeunganishwa na kifaa kile kwa nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, ambazo haziwezi kubeba HD. Picha safi inaharibiwa pale pale, kabla haijatoka chumbani. Kisha inasafiri kwenye waya mrefu wenye viungio vilivyoliwa na chumvi ya bahari, inagawanywa, inagawanywa tena, na inapofika kwako imechoka. Kwenye kiTV cha inchi 32 usingeona sana. Kwenye cha inchi 55, umekaa hatua mbili mbele yake, unaona kila doa. Kwa hiyo aliyetumia pesa nyingi kwenye vioo na kidogo kwenye nyaya amejinunulia njia ya kuonyesha ubovu wake vizuri zaidi.

Mvua ya masika nayo ina yake. Madishi madogo yanategemea masafa ya setilaiti yaitwayo Ku, na mvua nzito inayazuia hukohuko angani. Hilo halina wa kulaumiwa.

Kuna wanaoniambia kwamba mtu hajaenda Zanzibar kutazama TV. Najua. Zipo hata hoteli, tena za bei ya kutisha, zinazojisifu kwamba hazina TV kabisa chumbani, ukapumzishe akili. Hoja hiyo ililetwa na watu wa Ulaya ya kaskazini, na huko ina mantiki. Mwezi Juni pale Warnemünde jua linazama kama saa nne kasorobo usiku. Umekula, umetembea hadi kwenye mnara wa taa, umekula aiskrimu, umerudi, bado kweupe. TV utaitaka saa ngapi? Kwetu karibu na ikweta, mwaka mzima, ikifika saa moja usiku giza limeshaingia. Mbu wametoka. Ufukweni hakuna taa, na mlinzi anakushauri kwa upole usiende mbali. Ukishakula saa mbili, kama hutaki muziki wa baa, una saa tatu nzima za chumbani kabla ya usingizi, na ukiwa na watoto au mzazi ndio kabisa. Wanaostahili TV nzuri hotelini ni sisi wa ikweta, Wajerumani wangeweza kukaa bila.

Nilikuwa na mama yangu safari hiyo. Mama ni mtu wa Korogwe, hajawahi kulala hoteli ya watalii, na kila kitu alikipokea kwa heshima: maua ya asumini kitandani, taulo zilizokunjwa umbo la ndege, juisi ya ukwaju mlangoni. Usiku wa kwanza alioga, akajitanda khanga, akakaa kwenye kiti akaomba awekewe tamthilia yake. Anafuatilia zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, anawajua wahusika wote kwa majina na madhambi yao. Nikazunguka chaneli zote, mbele na nyuma. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hawa hawana hata moja inayosema Kiswahili?" Hawana. Tuko Unguja, mahali ambapo Kiswahili sanifu kilichukua lahaja yake, na hakuna chaneli moja ya Kiswahili chumbani. Ya Kitaliano ipo.

Kinachonishangaza ni historia yenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya mwanzo kabisa kusini mwa Sahara. Ujerumani Magharibi ilianza kurusha rangi Agosti 1967, yaani Wazanzibari walichelewa miaka michache tu nyuma ya taifa tajiri la Ulaya. Sisi wa bara tulikaa bila televisheni yetu hadi 1994 ilipokuja ITV na wenzake. Kisiwa chenye rekodi hiyo, leo unalala katikati yake kwenye chumba chenye TV ya kisasa na ZBC, televisheni ya Zanzibar yenyewe, haimo.

Huku Ujerumani chaneli namba moja hotelini ni Das Erste ya ARD, ya pili ni ZDF, zote za umma, kisha inafuata ya jimbo. Ukiwa pwani ile unapata NDR, na saa moja na nusu usiku inaingia taarifa ya jimbo, Nordmagazin, inayokueleza barabara gani imefungwa, ng'ombe wa nani wameugua, upepo wa kesho utavuma kutoka wapi. Mambo ya hapo hapo. Mzee wa Kijerumani aliyetoka mji wa jirani kuja kupumzika anaikuta chaneli yake mahali pake. Na pesa yake inajulikana: kila kaya inalipa ada ya utangazaji euro 18.36 kwa mwezi, uwe na TV usiwe nayo, na hoteli inalipa theluthi yake, euro 6.12, kwa kila chumba baada ya chumba cha kwanza. Watu wanailalamikia ada hiyo kila siku, mimi nikiwemo, inapokatwa benki.

Sisemi wako kamili. Chaneli za biashara kama RTL na ProSieben kwa HD kwenye setilaiti ni za kulipia, kwa hiyo hoteli bahili inakuletea zile zilizofifia au haikuletei kabisa. Filamu zote zimetiwa sauti ya Kijerumani, hata mchunga ng'ombe wa Texas anaongea kama karani wa Hannover. Mgeni asiyejua lugha atabaki na CNN yake. Lakini mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, na hakuna anayeona hilo ni ukosefu wa adabu.

Kwetu mambo yamepinduliwa. Orodha ya chaneli ni picha ya mtu ambaye meneja anamwona kichwani anaposema "mgeni". Kule Kiwengwa walimwona Mwitaliano, wakaleta Rai, televisheni ya taifa ya Italia. Siku hizi wanamwona Mpoland na Mrusi, wanaongeza za huko. Mtu wa Dar, wa Moshi, wa Mwanza, aliyejibana akaleta familia likizo, hayumo kwenye picha, ingawa kila mwaka tunahubiriwa utalii wa ndani. Wakenya wametuzidi kidogo hapa. Viwanja vya ndege vilipofungwa kwa ajili ya Corona mwaka 2020, hoteli za Diani na Mombasa ziliwabembeleza Wakenya wenyewe kwa bei za wenyeji, na vyumba nilivyolala huko tangu hapo Citizen na NTV, chaneli za kwao, zimekuwemo. Picha bado mbovu, lakini zimo.

Fundi wangu hakubisha. "Dada, mimi nafuata amri," alisema. "Nilishaomba king'amuzi kimoja cha Azam. Mwenyewe akasema wageni wetu hawaangalii." Halafu akacheka, kwa sababu alikuwa na Azam kwenye simu yake, mfukoni.

Safari hiyo hiyo ndiyo iliyoangukia Agosti 22, 2025. Taifa Stars wanacheza na Morocco robo fainali ya CHAN pale kwa Mkapa, mashindano ambayo sisi, Kenya na Uganda tuliyaandaa kwa pamoja, na mechi nyingine zilikuwa zikipigwa Amaan, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka tulipolala. Kwenye TV yangu ya inchi 55: tenisi. Nikashuka mapokezi, dada wa zamu akanionea huruma, akaninong'oneza niende kwenye kantini ya wafanyakazi nyuma ya jiko. Nikamkuta mpishi, watunza bustani wawili, wahudumu, na fundi yule yule, wamebanana mbele ya TV ndogo iliyowekwa juu ya friji la soda. Picha safi! King'amuzi chao, wamechanga wenyewe, waya mmoja mfupi, hakuna mgawanyo. Kibanda umiza cha hoteli ya nyota nne. Tulifungwa moja bila, na mpishi akasahau wali wa watu jikoni.

Wamiliki wana utetezi wa pili: siku hizi kila mtu ana Netflix yake. Sawa, ila intaneti yenyewe inafika mapokezi na kwenye bwawa, ukikaribia chumbani inakata roho. TV ni smart, lakini wameifunga kwa mpangilio wa hoteli, menyu haifunguki, na mlango wa HDMI, wa kuchomekea kompyuta au kifaa chako, umebanwa nyuma ukutani mkono haupenyi. Kama mnatutegemea tujiletee burudani, basi tuachieni pa kuchomeka.

Wala si gharama ya kuua mtu. King'amuzi kimoja zaidi chenye kifurushi cha biashara, nyaya za HDMI badala ya zile za rangi tatu, kifaa cha kurusha kinachokubali HD, viungio vipya nje kwenye upepo wa bahari. Kwa hoteli iliyojenga bwawa linalomwagikia baharini, hiyo ni pesa ya maua ya mwezi.

Mimi siku hizi kabla ya kulipia chumba natuma ujumbe kuuliza: ZBC ipo? TBC? Azam? Mechi za Simba na Yanga zinaonekana chumbani? Wengi hujibu kwamba wana smart TV na mandhari ya bahari. Kwa Desemba hii amenijibu mwenye kihoteli kimoja kando ya Pangani, vyumba vichache, TV ndogo, kila chumba na king'amuzi chake. Akaongeza kwamba taarifa ya habari ya saa mbili usiku wageni wake huitazama pamoja barazani, lakini asiyetaka akae chumbani kwake. Nimeshatanguliza nusu. Mama ameuliza tamthilia inaanza saa ngapi huko, nikamwambia saa ile ile ya Korogwe.