Kanda za kaseti: MP3 inatosha?

Wenye kaseti za taarab, muziki wa dansi au mawaidha wanazihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaharibika, na hapo ndipo ubishi unapoanza: tuhifadhi kwa MP3, faili la sauti lililobanwa, au kwa WAV isiyobanwa na FLAC inayobanwa bila kupoteza kitu?

Hoja za upande wa MP3 ni nzito kuliko mafundi wengi wa sauti wanavyotaka kukubali. Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa biti 16 na chaneli mbili. Saa moja ya WAV ya namna hiyo inakula megabaiti 635 hivi, ilhali MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata 60. Mwenye kaseti mia mbili ndani na simu iliyojaa hahitaji kuelezwa zaidi. Spika nyingi za bei nafuu, zile za kuchomeka flashi, zinaimudu MP3, lakini ukizipa FLAC zinanyamaza. Isitoshe, kaseti ya kawaida haikuwahi kushika vizuri sauti nyembamba za juu kabisa, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza tunachookoa ni nini hasa.

Jibu limo katika namna MP3 inavyofanya kazi. Hailipunguzi faili kwa kukata sauti za juu peke yake. Inakisia ni sauti zipi sikio la binadamu halitazinasa kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi, kisha inazitupa moja kwa moja. Sikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi, katika taarab ya zamani iliyobanwa sana: mdonoo wa uzi, ambao ungepaswa kutoka mkavu na wa ghafla, unatanguliwa na mchakacho mdogo, na matari yanasikika kama yamelowa maji. Ukija baadaye kuisafisha rekodi hiyo kwa programu ya kuondoa mvumo wa utepe, programu inakutana na kasoro za kaseti na za MP3 zikiwa zimechanganyika. Kuigeuza MP3 iwe WAV hakurudishi chochote. Faili linanenepa tu.

FLAC, iliyotoka mwaka 2001, haina gharama ya leseni, na inabana bila kutupa. Ukilifungua faili, kila biti inarudi ilivyokuwa. Mara nyingi hupunguza ukubwa kwa karibu nusu, ingawa kaseti zenye mvumo mwingi hazibaniki vizuri, maana mvumo hauna mpangilio wa kufupishwa.

Kwa sauti, basi, msimamo wangu hauna kigugumizi: nakala mama iwe WAV au FLAC, na MP3 itengenezwe kutoka hapo kwa ajili ya kugawa. Kwa FLAC, diski ya terabaiti 1 inabeba saa zaidi ya elfu mbili za kiwango cha CD, na kaseti ikishakatika hairekodiwi mara ya pili. Lakini nakala mama moja iliyofungiwa kabatini iko hatarini kuliko MP3 iliyo mikononi mwa ndugu ishirini. Wanaodharau MP3 husahau hilo.

Kwa video siwezi kushikilia msimamo huohuo. Picha ya kanda ya VHS isiyobanwa hata kidogo inazidi gigabaiti 70 kwa saa, na hata kodeki (mbinu za kubana na kufungua picha) zisizotupa kitu huacha mzigo ambao familia nyingi hazitaubeba. MP4 na MKV ni makasha tu ya kubebea picha na sauti. Ubora unategemea kodeki iliyo ndani na kiasi ilichoruhusiwa kutumia. Kwa kanda ya harusi, kodeki ya H.264 isiyobanwa kupita kiasi inakubalika. Mwenye kanda asiitupe tu kanda yenyewe ya VHS, wala asihesabu nakala iliyopita WhatsApp kuwa ndiyo nakala mama, kwa sababu video ikitumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa upya.