Saa 30 za kulipwa, saa 50 za bure

Nafundisha Stadi za Mawasiliano katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini, pati taimu, malipo kwa saa. Somo hili kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analisoma, awe amekuja kusomea nini. Muhula huu ninao 300.

Sasa tupige hesabu. Vipindi ni saa 2 kwa wiki, kwa wiki 15: saa 30. Hizo ndizo ninazojaza kwenye fomu ya madai. Halafu nawapa zoezi, waandike barua ya kuomba kazi. Kusoma barua moja kwa haki, nikamwonyesha kijana kwamba anamwomba meneja kazi kama anayemwomba mjomba nauli, ni dakika 10. Zidisha mara 300, unapata dakika 3,000, yaani saa 50. Zoezi moja limekula muda kuliko vipindi vya muhula mzima, na kwenye fomu hakuna pa kuliandika. Bado majaribio, bado mtihani wa mwisho. Mwenzangu wa hesabu analipwa kiwango hichohicho kwa saa, ila yeye jibu analiona kwa jicho moja. Simwonei wivu. Kidogo tu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kredi moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na humo mna hata muda anaojisomea peke yake na kufanya mazoezi. Muda wa kijana kuandika barua unahesabiwa. Wa mwalimu kuisoma, hapana.

Nikilalamika naambiwa, "Ticha, huku siyo Dar, maisha bei chee." Ni kweli samaki wapo na ming'oko, viazi pori vya huku, ipo. Lakini kifurushi cha intaneti bei yake ni ileile Kariakoo ya Dar na Chikongola ya hapa Mtwara, na aliyetafuta nyumba mtaa wetu wa Shangani enzi za joto la gesi, gesi asilia ilipogunduliwa huku, anajua jinsi kodi inavyopanda. Isitoshe, mwenzetu wa Dar anafundisha asubuhi Kurasini, jioni Mbezi. Mimi nitakwenda wapi? Vyuo vya hapa vinahesabika kwa vidole, na ratiba zake zinagongana. Walioajiriwa nao wana kilio chao, waliosoma kwa mkopo bodi ya mikopo inawakata asilimia 15 ya mshahara, lakini chuo kikifungwa mshahara unaingia. Sisi tunasubiri kama mkulima wa korosho: mzigo uko ghalani, mnada umepita, fedha "zinashughulikiwa".

Siombi kiwango cha malipo kwa saa kipandishwe. Naomba karatasi zilipwe kwa idadi, kama hilo gumu basi darasa la 300 ligawanywe, na kila kundi lihesabiwe saa zake. Wahasibu watasema bajeti haipo. Sawa, ila wajue gharama inaangukia wapi.

Mwaka jana nilichoka, nikatunga mtihani wa kuchagua a, b, c, d. Niliusahihisha usiku mmoja. Muhula ulipokwisha, kijana mmoja aliyepata alama 78 alinijia na barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo kiwanda cha saruji. "Mwalimu, shikamoo, naomba unipitishie macho." Ukurasa mmoja na robo, haukuwa na nukta hata moja.