Mvua Isiyotakiwa Arrakis: Dune Ipi Imekielewa Kitabu?

Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa Wete, kwa ami yangu. Mchana tunachuma na kuanika, ikishapita magharibi tunakaa ukumbini kuchambua, na mikono ikichoka naiweka kompyuta juu ya kiti tunatazama senema. Majamvi yamekunjwa ukutani, makonyo yamejaa pakacha, harufu yake inawasha macho. Nilikuja na senema zote nilizoweza kuzipata za Dune, riwaya ya Frank Herbert. Nilitaka kuzitazama mfululizo, moja baada ya nyengine, nione ipi imekielewa kitabu.

Usiku wa pili tukafika mwisho wa ile ya David Lynch ya mwaka 1984. Paul Atreides ameshamuua mpinzani wake na mfalme wa dola nzima ameshindwa, kisha mbingu za Arrakis zinafunguka. Mvua inanyesha kwenye sayari ya jangwa ambayo watu wake huvaa mavazi ya kuchuja jasho lao wapate kulinywa tena. Ami mchana ule alikuwa ameshakimbia mara mbili kuanua karafuu kwa ajili ya manyunyu. Akaitazama ile mvua, akauliza: "Sasa hao kiungo chao si kimekwisha?"

Ami hajakisoma kitabu, lakini ameigusa kasoro inayowaudhi wasomaji wengi wa Frank Herbert tangu senema hiyo itoke. Katika riwaya, iliyochapishwa mwaka 1965, kiungo hicho kinaitwa melange. Kinanukia mdalasini, kinarefusha umri, na bila yake manahodha wa vyombo vya angani hawawezi kuiona njia baina ya nyota. Kinapatikana Arrakis peke yake, kwa sababu kinatokana na majoka makubwa yaishiyo mchangani, na kwa majoka hayo maji ni sumu. Wenyeji wa jangwa, Fremen, wanaota sayari yao iwe ya kijani, lakini mpango wao ni wa karne kadhaa, na ndani yake jangwa halimalizwi lote, linabakishwa kwa ajili ya majoka. Mvua ya Lynch inayaua majoka, inaua kiungo, na inamnyang'anya Paul utawala dakika ileile anapoupata.

Swali la ami limenibadilishia kipimo. Nilizoea kuzilinganisha Dune kwa urefu na kwa hesabu ya matukio: ipi imeacha sura gani, ipi imemtoa mhusika gani. Kipimo hicho hakifai. Harrison, aliyeiongoza tamthilia ya televisheni ya mwaka 2000, alikuwa na kama saa nne na nusu. Denis Villeneuve, kwa senema zake mbili za mwaka 2021 na 2024, ana dakika 155 na 166, yaani zaidi ya saa tano. Mwenye muda mrefu zaidi ndiye aliyeacha mengi zaidi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka kwa Lynch mwenyewe. Senema yake iliyoonyeshwa kwenye majumba ya senema ilikuwa na dakika 137, na neno la mwisho la ukataji halikuwa lake. Mwaka 1988 likatoka toleo la televisheni la kama saa tatu, lenye mandhari zilizokuwa zimetupwa, picha za kuchorwa mwanzoni na msimulizi wa kutueleza historia ya dola. Kwa hesabu, ndilo lililo karibu zaidi na kitabu. Kwa macho, ni la kusikitisha: vipande vinarudiwa pale visipohusika, na Fremen ambao macho yao yanatakiwa yawe ya buluu kwa kula kiungo wanatokea mara na macho ya buluu mara na macho ya kawaida. Lynch aliliondoa jina lake, na pahala pa mwongozaji pakaandikwa Alan Smithee, jina la kubuni ambalo waongozaji wa Marekani walikuwa wakilitumia wanapoikana kazi yao. Nyongeza ya dakika arubaini na zaidi haikurudisha hata chembe ya maana.

Hata hivyo simtupi Lynch. Riwaya hii inaishi ndani ya vichwa vya watu: mtu anasema hili, anawaza lile, na Herbert anatuandikia yote mawili. Lynch ndiye peke yake aliyethubutu kutusikilizisha mawazo hayo kwa minong'ono. Mara nyingi inachosha, lakini inakupa ile hali ya kitabu, ya kila mtu kumchunguza mwenzake. Na yule nahodha wa angani aliyeharibika umbo kwa kuvuta kiungo, ndani ya tangi lake, anakuonyesha kwa picha moja kwamba bidhaa hii imewageuza watu. Kwa Villeneuve nahodha huyo hayupo. Kiungo ni vumbi linalometameta hewani, zuri kulitazama, ila ni vigumu kuona kwa nini dola nzima iuane kwa ajili yake.

Hapo ndipo sisi wa visiwa hivi tunapokuwa watazamaji wagumu. Tunajua nchi kuendeshwa kwa bidhaa moja ni nini. Mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalistawi chini ya Said bin Sultan kwa jasho la watumwa. Dhoruba ya mwaka 1872 ikaiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo. Mpaka leo mnunuzi wa karafuu kisheria ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na watu wazima wote Wete wanazo hadithi za magendo ya kwenda Mombasa. Mtu wa hapa ukimwambia kwamba mwenye uwezo wa kukiangamiza kitu ndiye mwenye kukitawala, huna haja ya kumfafanulia.

Maneno hayo ndiyo moyo wa ushindi wa Paul kitabuni. Anawatisha manahodha kwamba atayamwaga maji ya sumu yatokanayo na joka pahala kiungo kinapoumbika, na kifo kitasambaa kutoka joka mpaka joka hadi pasibaki kitu. Katika senema ya 2024 anatishia kuyapiga mashamba ya kiungo kwa mabomu ya nyuklia ya ukoo wake. Wakurugenzi wa senema wana hoja: bomu linaeleweka kwa sekunde mbili, wakati mzunguko wa maisha ya joka unataka darasa. Lakini kuchoma ghala la karafuu si sawa na kuleta maradhi yatakayoua mikarafuu yote. Ghala hujengwa tena. Nilipomueleza ami tofauti hiyo, aliziacha karafuu mkononi na kunitazama kwa mara ya kwanza usiku ule kama kwamba hadithi inamhusu.

Tamthilia ya mwaka 2000 ndiyo ninayoitetea mbele ya vijana, maana wao huifunga baada ya dakika kumi. Ilipigwa ndani ya studio mjini Prague, na jangwa lake ni pazia lililochorwa. Linaonekana ni pazia. Mpiga picha wake ni Vittorio Storaro, bingwa wa mwanga, na hata yeye hakuweza kuugeuza mchoro ukawa upeo. Kofia za wanawake wa Bene Gesserit, chama cha watawa wenye siri zao, zinakupotezea umakini. Yote nakubali. Lakini watu wake wanazungumza. Wanapanga, wanadanganyana, wanapima bei, na siasa ya kitabu imo.

Chukua karamu ya Arrakeen. Kitabuni, familia ya Paul imehamia Arrakis juzi tu, na baba yake, Leto, anawaalika wakubwa wa mji. Desturi ya pale ni wageni kunawa, kumwaga maji sakafuni na kutupa taulo kwenye kidimbwi, kisha maskini mlangoni huuziwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye taulo hizo. Leto anaifuta desturi hiyo na kuamuru maskini wapewe maji. Kwa taulo moja chafu unaijua sayari nzima: nani ana maji, nani anayachezea, na kwa nini huyu bwana mpya atauawa. Lynch aliiacha karamu. Villeneuve naye aliiacha. Harrison aliiweka, ingawa kwa namna yake, akamleta na Irulan, binti wa mfalme, ambaye kitabuni huonekana mwishoni tu. Ni uamuzi wa busara, kwa sababu ndoa yake na Paul mwishoni inakuwa na mtu ndani yake badala ya jina.

Villeneuve ana taulo yake, tuseme haki. Ni pale Stilgar, kiongozi wa Fremen, anapoingia mbele ya Leto na kutema mate juu ya meza. Askari wanashika silaha. Duncan, mpiganaji wa Leto, anawazuia, anamshukuru mgeni kwa zawadi ya maji ya mwili wake, naye anatema. Mandhari hiyo imo kitabuni, na ami aliielewa kabla sijaitafsiri.

Nimekuwa nikisema kutafsiri. Kiingereza cha ami ni kidogo, kwa hiyo kila senema nilimsemea juu kwa juu, na humo nikagundua kwamba nusu ya msamiati sihitaji kuutafsiri. Herbert aliwapa Fremen maneno ya Kiarabu, na mwisho wa kitabu kuna faharasa ambayo mtoto yeyote aliyepita chuoni angeisoma kama jirani: aya, burhani, karama, umma, akili, baraka, Kitab al-Ibar. Paul anaitwa Usul, nasi tuna usuli. Anaitwa Muad'Dib, nasi tuna adabu. Anaitwa Lisan al-Gaib, na hapo ami akasema astaghfirullah. Kwa mtazamaji wa Chicago hilo ni jina zuri la kigeni. Kwa mtu anayejua kwamba ghaibu haijui ila Mungu, mwanadamu kuitwa Ulimi wa Ghaibu ni dai zito, na lazima litie khofu. Ndivyo Herbert alivyotaka: unabii huo ulipandwa na watawa wa Bene Gesserit kwa faida yao.

Neno moja Villeneuve amelikwepa: jihadi. Kitabuni limejaa, na ndilo jinamizi la Paul tangu mwanzo. Katika senema za 2021 na 2024 inasemwa vita vitakatifu. Hoja zipo pande zote mbili. Tangu 2001 neno hilo masikioni mwa Wazungu lina maana moja tu, na kuliacha ni kuwakinga Waislamu wasinyooshewe vidole. Kwa upande mwengine, senema ilikwenda kupigwa Wadi Rum na Abu Dhabi, ikabaki na Mahdi na Lisan al-Gaib, waigizaji wakuu wenye asili ya Kiarabu wakawa wachache mno, kisha likafutwa neno lililobeba uzito wa yote. Mimi nilikuwa upande huu wa pili. Nilipomtafsiria ami nikalirudisha: jihadi.

Akanikatiza. "Hiyo si jihadi, mwanangu. Jihadi ina masharti yake. Huyu anawapeleka watu wakafe kwa ndoto zake."

Sijapata jibu la kumrudishia. Amekubaliana na wakurugenzi wa senema kwa sababu ambayo wao hawakuifikiria, na imenilazimu nikubali kwamba Herbert mwenyewe alilikopa neno bila ya kulipa masharti yake. Bado naona kulifuta kumeipunguza hadithi, lakini siioni tena kuwa dhulma ya wazi kama nilivyoiona.

Kinachonishinda kumsamehe Villeneuve ni sababu ya vita. Kwake, koo kubwa za dola zinakataa kumtambua Paul, naye anaamuru mashambulizi. Ni siasa ya kawaida. Kitabuni Paul anatambua, kabla ya pambano lake la mwisho, kwamba hata akifa pale vita vitakwenda vilevile, kwa sababu watu wameshaamini na imani hiyo haimhitaji tena. Anamtazama Stilgar, rafiki aliyekuwa akimsahihisha, na kuona amegeuka muumini. Senema inamfanya Stilgar huyo awe wa kuchekwa, na Fremen wa kusini, mgawanyiko ambao kitabuni haupo, wawe umati wa kuamini tu.

Lakini Villeneuve huyohuyo ana Chani. Kitabuni mpenzi huyu wa Paul anakaa upande wake hadi mwisho, anaposikia kwamba Irulan ataolewa kwa ajili ya kiti cha enzi, na mama yake Paul anamfariji kwamba historia itawaita wao ndio wake. Wasomaji wengi walilimeza hilo na kuondoka wakimshangilia Paul, na mwaka 1969 Herbert akatoa kitabu cha pili kinachohesabu maiti wa ushindi huo kwa mabilioni. Chani wa 2024 hafarijiki. Haamini unabii, hapigi magoti, anatoka peke yake jangwani na kuita joka. Hakuna mandhari iliyokwenda mbali na maandishi ya riwaya kuliko hiyo, na sijui nyengine iliyoyasema maonyo yake kwa uwazi kama huo.

Kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na kofia na mapazia ya mwaka 2000, apate kujua nani anamuuzia nani nini, kisha ndipo aende kwa Villeneuve. Ami hakunifuata. Aliitaka ile ya mwisho irudiwe, na ilipofika pale Chani anapopandisha ndoana zake akisubiri mchanga ufunguke, akaniambia nisitafsiri.