Dera na Deraya

Simu ya mama ilinikuta katikati ya chumba changu Leipzig, Jumapili saa nne asubuhi, nimevaa chuma cha kilo 27, miguu peku, na sina njia ya kutoka ndani yake.

Kabla hamjacheka, tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Buhurti ni mieleka ya watu waliovaa deraya, mavazi ya vita ya chuma ya karne za kati za Ulaya, wameshika mapanga na mashoka ya chuma kweli, ila makali ni butu, unene usiopungua milimita 2. Kuchoma kwa ncha marufuku. Kupiga kisogo, kinena au nyuma ya goti marufuku. Wanapambana watano kwa watano, na ukigusa ardhi kwa kitu cha tatu zaidi ya nyayo zako mbili, iwe goti, kiganja au makalio, umetoka. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuangushana. Deraya yenyewe unamwagiza mhunzi, unampa vipimo, unasubiri miezi.

Mimi akili zangu zote nilizimaliza kwenye historia. Kila kipande lazima kiwe na ushahidi, iwe mchoro, sanamu ya kaburini au kitu kilichofukuliwa, na vyote vitoke eneo moja na zama moja. Huwezi kuvaa kofia ya mwaka 1380 na mabega ya 1480 eti yanapendeza. Nikachagua Ujerumani, nusu ya pili ya karne ya 14. Kichwani basineti, kofia iliyochongoka utosini, yenye kifuniko cha uso kinachoning'inia kwa bawaba moja ya kwenye paji. Chuma cha milimita 2, utosini 3. Kifuani koti la mabamba la mtindo wa Visby. Huko Visby, kisiwani Gotland, Sweden ya leo, tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Denmark liliwachinja wakulima nje ya ukuta wa mji, na baadhi yao wakazikwa na deraya zao katika makaburi ya pamoja. Zilipofukuliwa karne ya 20, hata mahali pa ribiti, misumari ya kuunganishia mabamba, pakajulikana. Mabamba yamepigwa ribiti upande wa ndani wa koti, kwa nje unaona vichwa vya ribiti tu, kama vifungo vilivyomwagika.

Hayo nilikuwa nayajua kama sura fupi za juzuu amma. Kichwa changu mwenyewe ndicho sikukijua.

Fomu ya mhunzi ilitaka mzunguko wa kichwa. Nikazungusha tepu: 58. Ikataka kifua. Nikavuta pumzi ndani ya fulana: 98. Nikatuma, nikalipa, nikapika pilau ya kujipongeza.

Sasa tazama hesabu. Chuma hakivaliwi juu ya fulana. Kazi ya chuma ni kutawanya pigo, na kazi ya pamba iliyo chini yake ni kulimeza. Bila pamba, shoka likitua kichwani unageuka ulimi wa kengele. Na kila sentimita 1 ya unene wa pamba inaongeza zaidi kidogo ya sentimita 6 kwenye mzunguko. Kichwani unataka sentimita 2 za pamba iliyoshindiliwa, kwa hiyo 58 yangu ilipaswa kuandikwa 70 na ushei. Kifuani, koti la pamba la sentimita moja na nusu linaisogeza 98 hadi 107. Mhunzi hana kosa. Alinitengenezea soksi, kama nilivyoomba.

Mzigo ulipofika nikashona pamba ndani ya basineti kupitia matundu ya ukingoni, kama inavyotakiwa, kisha nikaanza kuvaa. Unaanza miguuni, kwa sababu ukishavaa kifua huinami tena. Vyuma vya miguu vinaning'inizwa kwa kamba kwenye mkanda wa kiunoni. Ukivikaza pajani tu vitateremka kama suruali ya mlevi. Bawaba ya goti ikae katikati ya goti hasa, maana ikishuka sentimita 2 bamba linakung'ata kila ukikunja. Viatu nikaviacha, nilikuwa najaribu tu. Kifuani mikanda ya mgongoni haikukutana kabisa. Nikaiunga kwa kamba za viatu na kujipenyeza ndani kama mtu anayevaa gunia la mkaa.

Basineti ikagoma. Nikaisukuma kwa viganja viwili, masikio yakakunjika kama sambusa, ikaingia. Nikafunga bizimu ya kidevuni. Halafu nikavaa glavu za chuma, zile ambazo vidole vinne vinakaa chini ya mabamba ya pamoja, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokamilika. Mkanda wa glavu ya kulia niliukaza kwa meno. Nilipoinua kichwa, kifuniko cha uso kikashuka, kijikomeo cha pembeni kikasema *tak*. Glavu za aina hiyo zinashika mpini wa shoka vizuri sana, lakini haziwezi kushika ncha ya mkanda. Ndiyo sababu watu huvalishwa na msaidizi. Mimi naishi peke yangu.

Nikazunguka chumba nikitafuta pa kujikwangulia. Kilo 27, sakafu ya mbao, Jumapili, Ujerumani, nchi ambayo Jumapili ukitoboa ukuta unavunja sheria.

Simu ya video ikaita, mama. Ilikuwa chini, inachajiwa. Nikaipokea kwa kidole gumba cha mguu.

"Laa haula! We nani? Mwanangu yuko wapi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, kisha akashtuka upya. "Umefanya nini kichwani?"

Mama ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, miaka thelathini na kitu. Nikamweleza. Hakuuliza habari za Visby wala karne ya 14. Aliuliza swali moja: "Ulipima juu ya nini?"

"Fulana."

"Na ndani umevaa nini?"

"Koti la pamba."

Kimya. Nilisikia cherehani ya msaidizi wake inasimama. "Ulipima umeketi? Uliinua mikono? Ulikunja goti?" Sikujibu. "Nimekusomesha kwa kupima watu," akasema, "na wewe hukujipima."

Mlango ukagongwa. Nikabonyeza kitasa kwa kiwiko. Bibi wa ghorofa ya chini, sweta la kijivu, uso wa mtu aliyekuja kulalamika. Alinitazama kuanzia juu hadi vidole vya miguu, akavaa miwani, akaniuliza kama nitamaliza kabla ya mchana.

Kuanzia hapo waliniweka pembeni. Mama aliongea, mimi nikatafsiri kutoka ndani ya sufuria. "Mwambie aanze mikono." Glavu zikatoka. Kijikomeo, kifuniko, bizimu. Bibi akavuta basineti, nikapiga yowe. Wakati wa kuingia pamba ililala, wakati wa kutoka inajikunja na kuwa kizibo; ukizidi kuvuta ndivyo inavyozidi kukaza.

"Asivute!" mama akasema. "Afumue."

Bibi akaleta mkasi wa kucha. Akakata uzi tundu kwa tundu, ukingo mzima, dakika ishirini hivi. Chuma kikateleza peke yake, nikabaki na pamba kichwani kama mtoto mchanga aliyefunikwa asipigwe na baridi.

Basineti nilimuuzia jamaa mwenye kichwa kidogo, koti la mabamba nikalipa nyongeza litanuliwe kwa mabamba mawili ya ubavuni. Vipimo vipya alivisimamia mama kwa video: nimevaa koti la pamba, nimeketi, nimechuchumaa, nimeinua mikono kama naning'iniza pazia.

"Na hiyo deraya," akauliza, "kwa nini usivae dera tu? Dera halimbani mtu." Kisha akakumbuka. "Yule bibi yupo? Mpime, nimshonee moja la maua. Ila mpime juu ya sweta, huko kwenu baridi."