Aliyepiga kofi moja tu naye ni muuaji? Nia ya pamoja kwenye kesi za mwizi wa boda

Tuanze na mfano juu mfano utatusaidia kuliko kukariri Kilatini. Steji ya boda, saa nne usiku, kijana mmoja anajaribu kuondoka na pikipiki isiyo yake. Mwenye pikipiki anapiga enduulu, yaani mayowe, mwizi mwizi, watu wanatoka kila upande. Wa kwanza anamkamata kijana anampiga kofi. Wa pili anarusha jiwe. Mwenyekiti wa steji anapaza sauti, "huyu leo harudi kwao." Wa nne anakuja na petroli kwenye chupa ya maji, wa tano ametoa simu anarekodi. Kijana anakufa palepale. Polisi wanafika wanakamata watatu, yaani wa kofi, mwenyekiti, na mwenye simu, maana wa jiwe na wa petroli walishapotea kitambo. Sasa nani ameua?

Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakwambia kosa la jinai lina vitu viwili, kitendo na nia, na lazima vikutane. Sawa kabisa. Kumchukia mtu moyoni si kosa, na kumgonga mtu kwa ajali isiyo na uzembe si kosa pia. Atakwambia tena mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike, ibara ya 28(3)(a) ya Katiba ya Uganda ya 1995, na mzigo wa kuthibitisha unabebwa na upande wa mashtaka tangu mwanzo mpaka mwisho. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ila kuna kitu hapa Uganda ambacho wengi wanaosoma kwa noti za kuazima wanakosea. Kwa sheria yetu, kuua kwa kukusudia kunataka mojawapo ya haya mawili, ama ulitaka mtu afe, ama ulijua kwamba unachofanya yaelekea kitamuua mtu, hata kama hukujali au hukutaka afe. Basi. Nia ya kumuumiza vibaya tu, ile ambayo Kenya bado iko kwenye sheria yao na Uingereza pia inatosha, kwetu peke yake haitoshi. Kwa hiyo yule aliyetaka tu kumvunja mwizi mguu ili ashike adabu, Nairobi anaweza kuwa muuaji wa kukusudia na Kampala akawa na hoja nzito ya kubaki kwenye kuua bila kukusudia. Na tofauti hiyo si ndogo, moja adhabu yake ya juu ni kifo, nyingine ni kifungo cha maisha.

(Kuhusu namba za vifungu, toleo jipya la sheria zote lilianza kutumika Julai 2024 na namba nyingi zimehama, tafuta kifungu kwa jina lake usije ukaandika namba ya zamani kwenye mtihani.)

Rudi steji. Tukitumia hayo ya msingi peke yake, wa kofi ameshambulia tu, kofi haliui. Mwenyekiti amesema maneno. Mwenye simu amerekodi. Ripoti ya daktari itasema majeraha ya kichwa na moto, haitasema jiwe la nani. Yaani kijana amekufa mbele ya watu hamsini na hakuna aliyeua, na hapo ndipo kifungu cha nia ya pamoja kinaingia. Kinasema hivi kwa maneno yangu: watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya likatendeka kosa ambalo lilitarajiwa kutokea kutokana na jambo lile, kila mmoja wao anahesabiwa amelitenda hilo kosa.

Na msidhani wanataka mkutano na ajenda. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kwenye kesi ya Tabulayenka ambayo ni ya hapahapa kwetu, ilikutana na karibu hadithi hiihii, watu wameitikia mayowe wakampiga mtu anayedaiwa mwizi akafa. Mahakama ikasema si lazima wawe walikubaliana kabla, nia ya pamoja inaweza kuonekana kwa kuwepo kwao pale, kwa matendo yao, na kwa kutojitenga kwao na kipigo. Majaji wetu wameshikilia mantiki hiyo mpaka leo.

Wanaoitetea hii sheria wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Kundi linaua kwa sababu ni kundi. Yule wa petroli asingethubutu peke yake, amethubutu kwa sababu kuna duara la watu limemfungia kijana njia, na kila mtu kwenye duara lile ni sehemu ya kile kifo hata kama mikono yake haina damu. Ukisema kila mmoja ahukumiwe kwa jiwe lake tu umewapa watu njia ya kuua bure, njooni wengi, rusheni pamoja, rudini nyumbani. Afrika Kusini walienda mbali zaidi yetu, kwenye kesi ya Safatsa ya 1988, ya kundi lililomuua naibu meya wa Lekoa mwaka 1984, mahakama ilisema hata haihitajiki kuonyesha kwamba kitendo cha kila mshtakiwa kilichangia kifo. Watu sita walihukumiwa kunyongwa, dunia ikapiga kelele, adhabu ikabadilishwa, lakini kanuni yenyewe ilibaki na Mahakama ya Katiba ya kule ikaipitisha tena 2003. Alafu tusisahau huyo kijana naye alikuwa hana hatia mpaka ithibitike. Kuiba kwa kawaida chini ya kanuni yetu ya adhabu ni mpaka miaka kumi jela. Hakuna jaji Uganda angemchoma moto kwa pikipiki.

Upande wa pili nao una jambo, na mimi nadhani ndilo linalosomwa haraka mno darasani. Angalia vipimo viwili. Mrusha jiwe, ili awe muuaji wa kukusudia, lazima uonyeshe kilichokuwa kichwani mwake, alitaka kifo au alijua. Mpiga kofi ukimshika kwa nia ya pamoja, unaonyesha tu kwamba kifo kilikuwa tokeo la kutarajiwa la jambo walilokuwa wanafanya, kutarajiwa na nani? Ukisoma kifungu kavukavu, na mtu yeyote mwenye akili timamu. Yaani aliyefanya kidogo anathibitishiwa kwa kipimo chepesi kuliko aliyefanya kikubwa! Uingereza waliliona tatizo la jamii hiyo, mwaka 2016 kwenye kesi ya Jogee Mahakama yao ya Juu ikasema wazi kwamba sheria ilipotea njia tangu 1984, kwamba kuona kimbele kwamba mwenzako anaweza kuua ni ushahidi tu wa nia, si nia yenyewe. Sisi Jogee haitufungi, kifungu chetu kimeandikwa na Bunge na jaji hawezi kukifuta kwa kupenda hukumu ya London, ila wakili mzuri anaweza kuitumia kuomba kifungu kisomwe kwa ubahili.

Na kuna suala la nani anakamatwa. Wa petroli amekimbia kwa sababu anajua alichofanya. Wa kofi amebaki pale anaongea na majirani kwa sababu kwenye akili yake yeye amekamata mwizi, na mwenyekiti anajulikana kwa jina. Kesi nyingi za namna hii zinakwenda na watu wanaojulikana sura. Ndiyo maana huwezi kujadili nia ya pamoja bila Nabulere, uamuzi wetu wa miaka ya sabini mwishoni juu ya utambuzi: shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa anamjua kabla? Usiku, vumbi, taa za pikipiki zinamulika huku na huku, watu hamsini wanasukumana, halafu shahidi mmoja anasema nilimwona. Hapo kwanza ndipo kesi inapofia kabla hujafika kwenye nia.

Wengine wanajitetea kwa hasira, ati walichokozwa. Uchokozi unaweza kushusha kosa mpaka kuua bila kukusudia na historia yetu ina mfano wake, Kinene wa 1941, mtu alikutwa usiku wa manane anatambaa uchi kwenye uwanja wa watu wakaamini ni mchawi wakamuua, mahakama ikakubali uchokozi. Lakini kisome kifungu vizuri. Kitendo kiwe kimefanywa kwako, au mbele yako kwa mtu uliye na uhusiano naye kama mke, mtoto, mzazi, ndugu, au bwana na mtumishi, au aliye chini ya uangalizi wako. Mwenzako wa steji hayumo! Basi mwenye pikipiki anaweza kujaribu hoja hiyo, ila yule aliyetoka mtaa wa tatu mbio kwa sababu ya enduulu hana cha kuchokozwa.

Mimi nasimama hapa. Kifungu kibaki, ila upande wa mashtaka ulazimishwe kutaja jambo la pamoja lilikuwa lipi na lilianza lini. Kumkamata mwizi si jambo haramu, sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake mradi amfikishe polisi bila kuchelewa. Kofi lile ni kosa, ndiyo, lakini kofi la kwanza kabla ya jiwe halijawa mradi wa kuua. Mambo yanageuka maneno ya mwenyekiti yanapotoka, na yakishatoka, aliyebaki ameshika mkono wa kijana wakati chupa inafunguliwa asiniambie alipiga kofi tu. Kwa hiyo kwangu mwenyekiti ana hali mbaya kuliko wa kofi ingawa hakugusa mtu, na hata bila nia ya pamoja angeweza kushikwa kwa kuchochea.

Kuna wanaosema haya yote siku hizi hayana uzito, kwa sababu tangu uamuzi wa Kigula wa Mahakama ya Juu mwaka 2009 kifo si adhabu ya lazima tena, jaji atampa wa kofi miaka michache na wa petroli mingi. Siamini hivyo. Mwongozo wa adhabu wa 2013 unaanzia miaka 35 kwa kuua kwa kukusudia, na kushuka kutoka 35 ni kazi. Kumhurumia mtu kwenye adhabu hakujibu kama alistahili hukumu yenyewe.

Gumu zaidi kwangu ni lile la kujitenga. Mahakama inauliza kwa nini hukujitenga, lakini kila mtu aliyewahi kuona kundi anajua ukisema "mwacheni" wanakugeukia wewe, ati ni mwenzake. Utetezi wa kulazimishwa upo ila ni mwembamba, unataka tishio la kuuawa au kuumizwa vibaya palepale. Nadhani kurudi nyuma hatua kumi kuhesabiwe kujitenga, hata kama hukufungua mdomo.

Na mwenye simu? Kusimama tu ukitazama hakukufanyi muuaji, na kurekodi peke yake pia hapana, isipokuwa alikuwa anawashangilia wakati anarekodi, na sauti hiyo itakuwa kwenye video yake mwenyewe. Mwendesha mashtaka mwenye akili atamtaka kama shahidi kuliko mshtakiwa, maana ile video ndiyo itakayoonyesha wa petroli ni nani.