Niambie mwisho, nitaangalia tu

Juzi kazini nimeharibu urafiki kwa sentensi moja. Dada mmoja alikuwa anasimulia tamthilia aliyoianza, yuko sehemu ya tatu. Kwa nia njema kabisa nikamwambia, "Yule mjomba usimwamini, ndiye atakayewageuka." Chumba cha chai kikanyamaza. Akaweka kikombe chini, akaniuliza nimemkosea nini hata anifanyie hivyo. Mpaka leo ananisalimia kwa kichwa.

Nina miaka kumi na moja hapa London, nimezoea baridi, nimezoea kula mchana nikiwa nimesimama, hili bado. Hapa mwisho wa hadithi una mwenyewe, ukiugusa umeiba. Kuna mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie, The Mousetrap, unaochezwa jijini humu tangu 1952, korona ndiyo iliyousimamisha kwa muda mwaka 2020. Kila onyesho likiisha, watazamaji wanaombwa wasimwambie mtu muuaji ni nani. Niliwahi kwenda. Nilifurahi, sikatai, na siri nimeitunza. Ila kurudi mara ya pili sijasikia hamu.

Sasa linganisha na kibanda umiza cha mtaani kwetu Tanga. Mabenchi, pazia jeusi, joto la kuivisha ndizi. Walioangalia muvi saa nane walikuwa wanatusubiri mlangoni saa kumi watupe yote: nani anauawa, nani msaliti, ngumi ya mwisho inapigwa wapi. Tulilipa, tukaingia. Tena hata bila wao tulishajua jambo kubwa kuliko yote, kwamba steringi hafi. Hiyo ilikuwa sheria. Hata hivyo steringi akining'inia ukingoni mwa ghorofa, banda zima lilishika pumzi, na kuna jamaa aliyekuwa akisimama kila mara na kupiga kelele, "Geuka nyuma, fala wewe, geuka!"

Shuleni mwalimu wa fasihi alituandikia ubaoni kwamba taharuki ni hamu ya kutaka kujua nini kitafuata. Nikajibu hivyo kwenye mtihani na alama nikapata. Siku hizi naona ni nusu ya jibu. Yule jamaa wa "geuka nyuma" alijua kitakachofuata. Kilichomtesa ni kwamba yeye anajua na steringi hajui, na sauti yake haifiki.

Wanaokumbuka Redio Tanzania miaka ya tisini watanielewa nikimtaja Mkwaju. Twende na Wakati, tamthilia ya redioni, ilianza 1993 (ndugu zetu wa upande wa Dodoma waliisubiri mpaka 1995), na yeye alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Nani hakujua mwisho wake? Ugonjwa ulikuwa mitaani kwetu, tulishazika. Mama alikuwa akizima jiko ili asikilize vizuri, kisha anagombana na redio: "Tunu, mwanangu, huyo mume humwoni?" Hakuwa anasubiri kushangazwa. Alikuwa anaona gari linashuka mlima bila breki, na ndani yake kuna watu anaowajua.

Kichekesho ni kwamba aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote ni mtoto wa huku huku. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alizaliwa Leytonstone mwaka 1899, na stesheni ya pale ina picha za vigae zinazoonyesha filamu zake. Nazipita nikienda kazini. Katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962 alitoa mfano huu: watu wawili wanaongea mezani, ghafla bomu linalipuka. Umemshtua mtazamaji sekunde kumi na tano. Lakini mwonyeshe kwanza bomu liko chini ya meza na saa inakimbilia muda wa kulipuka, na maongezi yale yale ya kipuuzi yatambana dakika kumi na tano.

Msidhani basi nasema kwetu kila kitu ni dhahabu. Filamu zetu nyingi za nyumbani zinanichosha. Gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, linapaki, dada anashuka, anatembea mpaka mlangoni, anagonga, na wimbo unaendelea. Mtengenezaji anadhani kusubiri ndiyo taharuki. Kusubiri nini? Wekeni bomu chini ya hilo gari! Au si lazima bomu, nionyesheni tu kwamba sebuleni amekaa mke mwenzie, na dada hajui. Hapo hata geti lifunguke dakika tano, sisimami.

Na watu wa huku nao nawaonea huruma kidogo. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Diego, waliwapa wanafunzi hadithi fupi 12, wengine wakiambiwa mwisho mapema, na walioambiwa wakazipenda zaidi. Watafiti wengine baadaye walipata kinyume, kwa hiyo silibebei bango. Ila nilipomweleza yule dada wa kazini aliniangalia kana kwamba nimemtukana tena.

Jana nimempigia mama. Siku hizi amehamia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Salamu hazijaisha ameshaniambia bibi mkubwa wa kasri anakufa, nani amemtilia sumu, na kwamba kikombe chenyewe kinapelekwa na mjukuu asiyejua kitu. "Anakibeba kwa mikono miwili, mwanangu, anatabasamu."

Saa saba usiku nilikuwa bado naitafuta kwenye simu.