Macbeth alijuta kweli, au alikuwa anaogopa tu?

Muulize mtu yeyote aliyesoma Macbeth, ule mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, tatizo la yule jamaa lilikuwa nini, atakujibu tamaa, kisha anafunga mjadala. Na sio kwamba kakosea, maana Macbeth mwenyewe anakiri kabisa kuwa hana kitu kingine cha kumsukuma amuue mfalme Duncan zaidi ya tamaa inayoruka juu mno mpaka inaangukia upande wa pili. Ila tamaa mle ndani wanayo wengi, Banquo, jemadari mwenzake, anayo, mke wa Macbeth anayo, yule mtawala wa awali wa Cawdor, eneo la Uskoti, aliyeuawa kwa uhaini alikuwa nayo, na hakuna hata mmoja kati yao anayefikia kuagiza watoto wa mtu wachinjwe nyumbani kwao wakati baba yao yuko safarini. Kwaiyo tamaa inaeleza mwanzo wa stori. Katikati haielezi, na katikati ndo kwenye mambo yenyewe.

Tuanze na wanaomtetea, maana wana hoja na huwa wanazomewa bure. Mchezo unapoanza Macbeth ni shujaa, katoka kuiokoa nchi vitani, hana kesi na mtu. Wachawi watatu wanakutana naye nyikani wanamwita mtawala wa Glamis, ambayo ni kweli, mtawala wa Cawdor, ambayo hajui kama ni kweli, na mfalme atakayekuja. Hata hajamaliza kushangaa wajumbe wanafika na habari kwamba mfalme kampa Cawdor. Nani asingechanganyikiwa hapo? Alafu Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, na Uskoti ile ya karne ya 11 kiti hakikuwa lazima kitoke kwa baba kwenda kwa mwana, mwanaume wa ukoo wa kifalme aliyebeba jeshi zima mgongoni alikuwa na sababu ya kutegemea kitu. Akifika nyumbani mke kashasoma barua aliyomwandikia kuhusu wachawi na mpango kashaumaliza, na mume akisitasita anaambiwa wewe sio mwanaume. Presha juu ya presha. Watetezi wanasema mtoe huyo mtu kwenye hiyo wiki moja mbaya, atazeeka na heshima zake.

Sasa upande wa pili wanakuambia rudi ukasome tena wale wachawi walisema nini. Hakuna mahali walipomwambia ua. Walisema utakuwa mfalme, basi. Na Banquo alikuwa amesimama palepale, naye akaahidiwa kuwa baba wa wafalme, lakini anayeshtuka ni Macbeth, mpaka Banquo anamuuliza mbona unashtuka kwa habari nzuri hivi. Mtu hashtuki kwa wazo geni, anashtuka akisikia wazo lake mwenyewe linatoka kwenye mdomo wa mwingine. Muda mfupi baadaye akijisemea peke yake mauaji tayari yamo kichwani na hakuna aliyeyataja. Kuna na lile swali la mkewe kwenye ule ugomvi wao, kwamba ni mnyama gani basi aliyekufanya uniletee hili jambo. Yaani kwa maelezo ya mke, aliyeanza ni mume. Barua tunayoisikia haitaji kuua, ni kweli, na mwanamke akiwa kwenye hasira anaweza akatia chumvi, ila Macbeth hakatai.

Mimi nipo upande wa pili, lakini kwa kura chache, na kinachonizuia kwenda moja kwa moja ni uzungumzinafsia wa kabla ya mauaji, yaani yale maneno anayojisemea peke yake. Pale Macbeth anajihesabia sababu za kutoua. Anaanza na za kujilinda, kwamba anayefundisha wengine kumwaga damu hiyo damu inamrudia. Wanaomchukia wanaishia hapo, wanasema unaona, anaogopa adhabu tu. Lakini hawamalizi. Anaendelea, huyu ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, ni mgeni wangu, mwenye nyumba ndo anatakiwa amfungie muuaji mlango sio ashike kisu yeye. Alafu anasema Duncan katawala kwa upole kiasi kwamba wema wake utamlilia kama malaika wenye tarumbeta. Huyu sio mtu asiye na dhamiri, dhamiri yake inaongea vizuri kuliko mtu mwingine yeyote kwenye mchezo mzima.

Kisha mke anaingia, na Macbeth anamwambia nini? Kwamba tusiendelee na hili jambo kwa sababu mfalme kanipa heshima na watu wananisifia sasa hivi, acha nizifaidi sifa zikiwa mpya. Hakuna mgeni, hakuna ndugu, hakuna malaika. Sababu zote za maana kazificha akatoa ile ya kijuujuu. Kwangu hapo ndo tabia yake ilipo yote, anaionea haya dhamiri yake. Anaijua, anaisikia, ila mbele ya mtu anaona ni udhaifu, na mkewe akipiga palepale kwenye uanaume jamaa hana tena kitu cha kujibu maana silaha zake zote kaziacha nje.

Ukiishika hiyo, mambo ya baadaye yanaeleweka. Usiku wa mauaji anaona jambia hewani, anaua, anatoka na majambia bado yako mkononi wakati mpango ulikuwa ayaache kule kwa walinzi, na kinachomsumbua sio kukamatwa, ni kwamba waliokuwa wamelala walipoomba Mungu awabariki yeye alishindwa kusema Amina. Anasikia sauti kwamba Macbeth kaua usingizi. Mkewe inabidi ayachukue majambia ayarudishe mwenyewe, anamwambia maji kidogo tu yatatusafisha.

Twende kwenye karamu, mzuka wa Banquo, ambaye Macbeth kashatuma watu wamuue, umekaa kwenye kiti cha mfalme, hakuna mwingine anayeuona, Macbeth anapayuka mbele za wageni mpaka karamu inavunjika. Ungetegemea sasa mtu aliyeona hivyo aanguke chini atubu au angalau akimbie. Yeye wageni wakishaondoka anatoa tafsiri yake, anasema hii ni hofu ya mtu mgeni kwenye kazi, inataka mazoezi tu, sisi bado wachanga kwenye haya matendo. Soma tena hiyo. Dhamiri inamletea maiti mezani na yeye anaona ni ukosefu wa uzoefu! Dawa yake ni kuua tena mpaka azoee. Kwaiyo majuto kwa Macbeth hayafanyi kazi ya breki, yanafanya kazi ya mafuta, na hiki ndo kitu ambacho jibu la tamaa haliwezi kukieleza kwa sababu kufikia hapo alichokitamani alishakipata kitambo.

Angalia mauaji yanavyokwenda. Duncan anauawa kwa mkono wa Macbeth mwenyewe, na Macbeth anateseka kabla, wakati na baada. Kwa Banquo anatuma watu, na mkewe hamwambii, anamwambia kaa bila kujua mpaka utakapokuja kushangilia. Familia ya Macduff, yule mtawala aliyemgomea akaenda Uingereza, anaiamulia kwa maneno machache tu, akisema kuanzia sasa wazo la kwanza la moyo litakuwa tendo la kwanza la mkono. Wasio na hatia kabisa ndo wanaopata mawazo machache kabisa. Na kifo cha mfalme kinatokea nyuma ya pazia, hatukioni, ila mtoto wa Macduff anauawa mbele yetu jukwaani, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Kuna wanaosema basi hayo hayakuwa majuto, ilikuwa hofu tu imevaa nguo za majuto, na wana ushahidi mzito. Kabla ya kumuua Banquo analalamika kwamba kaichafua roho yake kwa faida ya watoto wa Banquo, kamuua Duncan mwema kwa ajili yao. Anajuta kama mfanyabiashara aliyegundua faida inaenda kwa mwingine. Hiyo siwezi kuipinga, inachefua. Lakini kwenye maneno hayohayo anasema kito chake cha milele, yaani roho, kakikabidhi kwa adui wa binadamu, yaani shetani, na mtu anayeogopa kukamatwa tu hana haja ya kutaja roho. Vyote viwili vipo kwenye pumzi moja na nadhani kuvitenganisha ni kumrahisisha mtu ambaye mwandishi hakumrahisisha.

Mkewe anakwenda njia iliyo kinyume kabisa. Yeye ndo alionekana wa chuma, lakini chuma gani kinachoomba mizimu imzibie njia ya huruma? Mkatili wa kuzaliwa haombi ukatili. Alisema mwenyewe angemuua Duncan kama asingefanana na baba yake akiwa usingizini. Hakuwahi kuitolea hoja dhamiri yake kama mumewe, aliifunga tu, na ilipotoka ikatokea usingizini, ananawa mikono isiyo na kitu na anasema manukato yote ya Arabuni hayawezi kuipa harufu nzuri. Yeye haui tena mtu, anajimaliza mwenyewe. Macbeth anamuuliza daktari kama hana dawa ya kung'oa huzuni kwenye kumbukumbu, daktari anajibu hapo mgonjwa inabidi ajitibu mwenyewe, na Macbeth anasema dawa zako watupie mbwa. Ni ileile ya karamu, dhamiri kwake ni ugonjwa.

Kidogo kuhusu historia, maana inasaidia. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti kuanzia 1040 mpaka 1057, na Duncan alikufa kwenye mapigano, sio kitandani kama mgeni. Kwenye kitabu cha historia cha Holinshed ambacho Shakespeare alikitumia, Banquo anashiriki kwenye kumuua mfalme, na Macbeth anatawala vizuri miaka kumi kabla ya kuharibika. Shakespeare akiandika mwaka 1606 hivi alikuwa na mfalme James aliyepanda kiti cha Uingereza 1603 na aliyejihesabu ni wa uzao wa Banquo, kwaiyo ilibidi Banquo asafishwe. Matokeo yake lawama yote inabaki kwa watu wawili ndani ya nyumba moja, na ile miaka kumi ya uongozi mzuri hamna. Ila hata huyo Banquo hakusafishwa mpaka mwisho, akiwa peke yake anasema waziwazi anahisi Macbeth alicheza mchezo mchafu, na ananyamaza, kwa sababu utabiri wa watoto wake nao bado upo njiani.

Narudi kwa Macbeth mwishoni, pale anapokutana na Macduff. Kamuua kijana Siward, mtoto wa kamanda wa jeshi la Waingereza waliokuja kumng'oa, muda huohuo bila kupepesa. Anamwambia Macduff rudi nyuma, wewe nimekuwa nakukwepa kuliko wote, roho yangu imeshalemewa na damu ya watu wako. Wengi wanasema ni woga, mizuka ya wachawi ilishamwambia ajihadhari na Macduff. Lakini mpaka dakika ile bado anaamini utabiri wa mizuka hiyohiyo kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumdhuru, na anamwambia hivyo Macduff usoni, kabla hajajua kwamba mwenzake alitolewa tumboni kwa kupasuliwa. Woga unaanza baada ya kujua, ndo anakataa kupigana, mpaka anapotishiwa kuwekwa hadharani watu wamtazame ndo anainua ngao. Ile ya mwanzo haikuwa woga, na ni mara ya kwanza tangu amuue Duncan majuto yake yanajaribu kumwacha mtu hai. Malcolm anamwita mchinjaji, na kwa waliokufa nyumbani kwa Macduff jina hilo halina ubishi, ila wanaosema alikuwa hicho tu waieleze kwanza hiyo sentensi.